Mchuzi wa Risaga

Kila asubuhi Wegesa alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamfukuza jogoo mwekundu asipande kwenye kichanja kuchafua sahani zilizokwisha kuoshwa. Jogoo yule alikuwa na kiburi chake. Alifukuzwa huku, akarudi kule, akasimama akimtazama Wegesa kwa jicho moja kana kwamba nyumba ni yake.

Wegesa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Aliishi Ringwani, wilayani Serengeti, pamoja na mama yake, kaka yake Heche na mdogo wao Vincent, aliyekuwa bado ananyonya. Baba yao alikuwa machimboni Nyamongo, akirudi mara moja moja. Kwa hiyo kazi za shamba zilikuwa za Mama, na kazi nyingi za nyumbani zilikuwa za Wegesa.

Siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, shule ilifungwa, na Mama alikuwa ameandaa risaga. Risaga ni kazi ya kusaidiana: majirani wanakuja kuvuna shamba lako bila kudai chochote, nawe unawapikia chakula cha maana. Siku nyingine utakwenda kwao. Safari hii ilikuwa risaga ya wasichana, rafiki zake Wegesa, waje wavune ulezi uliobaki upande wa mtoni. Lakini asubuhi ile Vincent aliamka na homa kali.

"Nampeleka mtoto hospitali kule Mugumu," Mama alisema huku akimfunga Vincent mgongoni. "Risaga siwezi kuiahirisha, wenzako wameshaambiwa. Leo wewe ndiye mwenye nyumba."

"Sawa, Mama."

"Yule jogoo mpeleke kwa Mzee Abubakari pale kwenye mashine ya kusaga, akuchinjie. Asichinje Heche. Mwantumu atakuja, na nyama ya risaga ni ya watu wote."

Hilo halikuwa jambo geni. Kijijini pale, iwe harusi au msiba, iwe ng'ombe au kuku, mchinjaji alikuwa Mwislamu, hata kama mwenye shughuli ni Mkatoliki wa kupiga ngoma kanisani. Sababu ilikuwa moja tu: asiwepo mgeni wa kula ugali mkavu pembeni wakati wenzake wanatafuna.

Wegesa alimfunga jogoo miguu kwa kipande cha kitambaa, akamkumbatia, akashika njia ya mashineni. Hapo ndipo alipokutana na Jenipha. Jenipha alikuwa barazani kwa duka la baba yake, peke yake, anacheza mdako. Kila mtu darasa la sita alijua kwamba Jenipha hashindwi mdako, na Wegesa alikuwa akiitafuta nafasi ya kumshinda tangu muhula ulipoanza.

"Mchezo mmoja tu," Wegesa alisema. Akamlaza jogoo kando ya ukuta.

Mchezo mmoja ukazaa mwingine. Vijiwe vilirushwa, vikadakwa, vikamwagika, wakabishana, wakaanza upya. Wegesa alipogeuka, kitambaa kilikuwa pale chini, kimefunguka vizuri kabisa. Jogoo hakuwepo.

Alimtafuta nyuma ya duka, kwenye uzio wa mikonge, kwenye mabua ya mahindi. Aliita, akamwaga punje za mtama alizoombewa na Jenipha kwa mama yake, akapiga magoti akachungulia chini ya kila kichaka. Jua lilizidi kupanda. Wazo la kumwambia mtu mzima halikumjia hata kidogo. Alichokiona ni uso wa Mama akisema, "Jogoo tu amekushinda kubeba?" Akamwambia Jenipha kwamba jogoo yupo, amemwona ameelekea nyumbani, kisha akaondoka haraka kabla Jenipha hajauliza zaidi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile, na ulitoka mdomoni bila taabu yoyote.

Nyumbani alimkuta Heche nyuma ya zizi, amechuchumaa, kisu mkononi. Mbele yake kulikuwa na sungura wa porini, mkubwa, ameshachunwa. Mbwa walikuwa wamelala karibu, wanalamba midomo.

"Umempata wapi?" Wegesa aliuliza.

"Kule vichakani. Mimi na Emanuel tulikuwa tunachunga. Mbwa wakamkurupua, hakufika mbali."

"Amechinjwa?"

Heche alicheka. "Achinjwe na nani? Mbwa walimkaba shingo, tulipofika alishakufa. Vipi, mbona una uso wa msiba?"

Wegesa akamweleza habari za jogoo. Alidhani Heche atamgombeza. Badala yake Heche alimnyanyua sungura kwa miguu ya nyuma, akamtazama, kisha akamtazama dada yake.

"Basi kuku wako huyu hapa."

"Heche! Mwantumu hali nyama ya hivyo."

"Mwantumu atakula kuku. Si unapika kuku? Katakata vipande vidogo vidogo, jaza nyanya na vitunguu, mwaga binzari. Nani atajua?"

"Na afisa wanyamapori akisikia?"

"Ana tembo wa kuhangaika nao huyo. Aje kwa sungura mmoja?"

Wegesa alijua vizuri kwamba si sahihi. Asidanganyike mtu kwamba hakujua. Lakini toka shambani zilikuwa zimeanza kusikika sauti za wasichana wakiimba, na moto ulikuwa haujawashwa. Akachukua kisu.

Mchana walikuja wote, mikono na shingo zikiwawasha kwa ulezi, wakaketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Mwantumu alikuwepo, rafiki yake wa karibu kuliko wote, mtoto wa Mzee Athuman anayeuza vitambaa minadani. Precious alikuwepo, msichana mpole ambaye baba yake ni mzee wa kanisa la Wasabato. Jenipha naye alifika, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukosa chakula. Wegesa aliweka ugali wa mhogo na ulezi, kisha bakuli la mchuzi. Mchuzi ulikuwa mwekundu na unanukia vizuri. Angefurahi sana kama ungeungua.

"Kumbe ulimpata!" Jenipha alisema. "Lakini mbona mifupa yake hivi?"

"Jogoo wa kienyeji huyo," Wegesa alijibu. "Amekimbia sana."

"Na firigisi iko wapi?"

"Nimemwekea Baba."

"Baba yako si yuko Nyamongo?"

"Basi nimemwekea Heche. Kula, Jenipha, unauliza kama polisi!"

Wote wakacheka. Mwantumu alisema "Bismillahi" taratibu, akamega tonge, akachovya, akachukua kipande cha nyama. Wegesa alimtazama akitafuna. "Mtamu!" Mwantumu alisema. "Wegesa, utanifundisha kupika hivi." Wegesa akainuka, akasema anafuata maji. Alikaa jikoni akiangalia majivu mpaka sahani zilipokwisha. Yeye mwenyewe hakula.

Jioni Mama alirudi na dawa, na homa ya Vincent ilikuwa imepungua. Alipita shambani kwanza, akaona ulezi wote umevunwa. "Walishiba?" aliuliza.

"Walishiba, Mama."

"Umenitoa aibu, binti yangu. Sasa nimejua nikiondoka kuna mtu nyumbani."

Wegesa angependelea apigwe. Maneno mazuri yale yalimwingia vibaya kuliko matusi, akajibu tu kwamba amechoka, anataka kulala.

Kesho yake shuleni, kabla ya kengele, Emanuel alipita karibu na wasichana akiwa na wenzake. Emanuel alikuwa mtu wa utani usio na mipaka. "Mwantumu," aliita, "sungura wa jana alikuwa mtamu?"

"Sungura gani?"

"Aliyekamatwa na mbwa wa kina Heche. Nilikuwepo. Mlikula, mkaramba na vidole!"

Wavulana wakaangua kicheko. Mmoja akaanza kuruka ruka, mikono juu ya kichwa kama masikio. Mwantumu alisimama. "Mwongo mkubwa wewe! Wegesa hawezi kunifanyia hivyo. Hata siku moja!" Kisha akalia kwa sauti, na Mwalimu Domitila, mwalimu wa darasa, akatoka ofisini.

Mwalimu alisikiliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili. Hakupenda alichosikia. "Emanuel, dini ya mtu si ya kufanyia mzaha. Unayasema haya kwa uhakika?"

"Sijasema uongo, Mwalimu. Muulizeni mwenyewe aliyepika."

Macho yote yakamgeukia Wegesa. Mwantumu aliacha kulia, akamtazama bila wasiwasi wowote, akisubiri jibu analolijua tayari. Mtazamo ule ndio uliomponza Wegesa. Aliona akisema kweli, uso ule utabadilika hapo hapo mbele ya shule nzima.

"Alikuwa kuku, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Domitila akamwagiza Emanuel abebe maji ya kumwagilia bustani ya shule muda wote wa mapumziko, na mzazi wake aje Jumatatu. Emanuel hakubishana tena. Alimtazama Wegesa mara moja tu, akaenda kuchukua ndoo.

Wakati wa mapumziko wasichana walikaa kwenye ngazi za darasa. Mwantumu alitoa andazi kwenye mfuko wake, akalikata katikati, akampa Wegesa kipande kikubwa. "Nilijua tu," alisema. "Mama ameniambia kwako nikale kama nyumbani."

Andazi lilikaa mdomoni mwa Wegesa bila kushuka. Mbele yao Emanuel alipita na ndoo, maji yakimmwagikia kaptula, wadogo wa darasa la tatu wakimwimbia "Mwongo, mwongo!" Akapita tena. Na tena. Mara ya kwanza Wegesa aliangalia pembeni. Safari hii alishindwa hata kuangalia pembeni. Emanuel alikuwa na makosa yake ya utani, lakini mwongo hakuwa yeye, na Wegesa peke yake pale ndiye aliyeweza kumtua ile ndoo.

Akatema andazi mkononi, akainuka. "Emanuel hajasema uongo," alisema.

"Nini?" Mwantumu alicheka kidogo, akidhani hakusikia vizuri.

"Jogoo alinipotea. Nilikuwa nacheza mdako na Jenipha. Nikapika sungura. Mbwa ndio waliomuua. Nilijua, Mwantumu. Nilijua wakati unakula."

Mwantumu hakulia safari hii. Alisogea, kidogo tu, kama mtu anayempisha mwingine apite. Wegesa alikuwa bado anatafuta neno la kuongeza aliposikia sauti ndogo nyuma yake. Alikuwa Precious.

"Na mimi je?" Precious aliuliza. "Sisi Wasabato hatuli sungura. Ni najisi kwetu. Hata mimi hukunikumbuka?"

Hakumkumbuka. Huo ndio ukweli. Usiku kucha alikuwa amehangaika kwa ajili ya Mwantumu, na kumbe kwenye mkeka ule walikuwepo wawili. Wegesa alijifunika uso kwa mikono, akaona aibu ambayo hakuwahi kuijua.

Alikwenda mwenyewe ofisini, akamweleza Mwalimu Domitila yote, pamoja na ule uongo wa asubuhi. "Mimi nimemwadhibu mtoto asiye na kosa kwa neno lako," Mwalimu alisema. "Twende." Walimkuta Emanuel kisimani. Mwalimu alimwomba radhi yeye mwenyewe kwanza, jambo lililomshangaza Emanuel mpaka akaangusha ndoo. Kisha Wegesa akaomba radhi, akaokota ile ndoo, na kazi ya bustani ikawa yake. Mwalimu hakumaliza hapo. Alimwambia Emanuel kwamba kweli nayo ina namna ya kusemwa, na kumcheka mtu aliyedanganywa si ushujaa. Akaongeza kwamba kuwinda bila kibali ni kosa kisheria, na kwamba mnyama wa porini ambaye hakupimwa na yeyote anaweza kuwa na ugonjwa.

Nyumbani Mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Heche alipojaribu kucheka, alimtazama mara moja tu, na kicheko kikaisha. "Wewe zamu yako inakuja," alimwambia. "Mbwa hao hawatoki hapa tena kwenda kuwinda." Kisha akamgeukia Wegesa.

"Ukoo wetu tunakula pundamilia?"

"Hatuli, Mama. Ni mwiko."

"Kabla hujazaliwa, mtu mmoja aliniuzia nyama kavu kwa kificho, akaniambia ni nyumbu. Nilikosea kununua nyama ya kificho, nakubali. Nilishakula ndipo nikaambiwa ni pundamilia. Wegesa, nilitapika mpaka nikaishiwa nguvu. Haikuwa sumu. Wengine wanaila nyama hiyo hiyo na kushukuru. Kilichonichoma ni kwamba mtu aliniamulia. Alijua mimi ni nani, akanilisha hivyo hivyo." Akajifunga kanga. "Vaa viatu."

Walipita kwanza kwa kina Precious. Baba yake aliwapokea, akasikiliza, akasema atamwombea Wegesa, na alisema kwa upole uliomuumiza zaidi. Kisha wakaenda kwa kina Mwantumu. Mama yake Mwantumu, Bi Mwajuma, alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mwantumu alikuwa ameshamwambia.

"Shikamoo, Mama Mwantumu," Wegesa alisema.

"Marahaba."

Hakuongeza "mwanangu" kama kawaida yake. Mama alitaka kuanza kuzungumza, lakini Bi Mwajuma aliinua mkono. "Aseme mwenyewe, Mama Heche."

Wegesa akasema. Alisema yote, hata lile la firigisi. Bi Mwajuma aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Nikuambie kitu ambacho hukukijua," alisema. "Sungura kwetu si haramu. Mimi nimekulia Kondoa, na utotoni nimemla. Lakini alikuwa amechinjwa, na nilijua ninachokula. Na kwa Mungu mwanangu hana kosa, kwa sababu hakujua. Mwenye kujua ulikuwa wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Mgeni haingii jikoni kwako kukagua masufuria. Anakaa mkekani, anapokea unachompa. Macho yake anakuwa amekuachia wewe. Ungewaambia tu jogoo amepotea, wangekula ugali na mchicha, wangekucheka mpaka jioni, na mambo yangekwisha. Kwa kuogopa kuchekwa wewe, umeacha mwanangu achekwe."

Wegesa alilia. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni. "Nilimwita Emanuel mwongo mbele ya watu wote," alisema. "Kwa ajili yako." Kisha akaingia ndani, na hakutoka tena.

Mama alikuwa amebeba mtetea wa fidia. Bi Mwajuma alimkataa kwa heshima. "Mrudishe atage, Mama Heche. Sisi hatukuibiwa kuku."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mwantumu aliitikia salamu, basi. Precious alirudi mapema zaidi, kwa sababu Precious hakuweza kununa hata akijitahidi. Wegesa alimwagilia bustani, akaenda risaga ya kina Precious na ya kina Emanuel, akafanya kazi bila kuinua kichwa. Hakujaribu kujitetea kwa mtu.

Ulezi ulipokauka, ikafika zamu ya kwao tena, kazi ya kuupiga. Mama akawaalika wale wale. Asubuhi ile Wegesa alimbeba mtetea kifuani mpaka kwa Mzee Abubakari, njia nzima bila kusimama popote. Jenipha alimwita kwa ajili ya mdako, naye akapita kana kwamba ni kiziwi. Alipika huku akitazama njia. Hakuwa na hakika kama Mwantumu atakuja.

Alikuja, nyuma ya wengine, na fimbo yake ya kupigia ulezi. Alifanya kazi kama wenzake. Mchana walinawa, wakaketi mkekani, Wegesa akaweka ugali na bakuli la mchuzi. Mikono ikaenda kwenye ugali, isipokuwa mkono mmoja.

"Wegesa," Mwantumu aliuliza, "nani amechinja?"

Katika miaka yote ya urafiki wao, Mwantumu hakuwahi kuuliza swali hilo katika nyumba ile. Wegesa hakuinamisha macho.

"Mzee Abubakari. Nimempelekea mwenyewe, nikasimama pale mpaka akamaliza. Ni kuku. Firigisi hii hapa, ni yako."

Mwantumu alitazama bakuli, akamtazama Wegesa. Kisha akasema "Bismillahi," akaichukua ile firigisi, akaikata katikati, nusu akampa Precious.

Wageni walipoondoka, Mama alimkuta Wegesa anaosha vyombo huku machozi yanamtoka. Akachuchumaa karibu naye, akachukua sufuria, akaanza kusugua.

"Limekuuma swali lake?"

"Limeniuma sana, Mama. Zamani alikuwa haulizi."

"Zamani hakuwa na sababu. Sababu umempa wewe. Ukisema samahani unafungua mlango tu, binti yangu, bado hujamrudishia mtu alichokuwa nacho. Akiuliza, mjibu kweli, na usimkunjie uso."

"Na akiuliza mwaka mzima?"

"Utamjibu mwaka mzima," Mama alisema, akampa sufuria aisuuze.